Kuchagua Msimu wa Likizo ya Ufukweni kwa Msafiri Anayetoka Dodoma

Ukichukua ramani na kuvuta mstari kutoka Dodoma kwenda mashariki moja kwa moja, mstari huo utaangukia karibu kabisa na mji wa Zanzibar, kwa kuwa miji yote miwili iko kwenye nyuzi 6 na dakika 10 hivi kusini mwa Ikweta. Jua linalopita juu ya Nyerere Square ndilo hilo hilo linalopita juu ya Forodhani. Hata hivyo majira ya miji hii hayafanani. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na kwa kawaida mvua yake ya mwaka mzima haizidi milimita 600. Pwani ya kuanzia Dar es Salaam na Bagamoyo hadi Tanga, pamoja na Unguja na Pemba, ina misimu miwili, yaani vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, na mvua yake huzidi milimita 1,000 kwa mwaka.

Tofauti hiyo ndiyo inayowaponza wasafiri wengi wa kutoka huku kwetu. Mwezi wa Mei, mtu anayetazama nje ya dirisha lake pale Area C huona anga limetakata, anasikia kwamba wakulima wa Kongwa na Bahi wameanza kuvuna mtama na uwele, na kwa sababu hiyo anaamini kwamba nchi nzima imekwisha kuingia kiangazi, kumbe pwani masika bado hayajaisha. Mwezi wa Januari hukata tamaa kwa sababu mvua inanyesha Dodoma mara kwa mara, ilhali Unguja kuna jua kali na bahari safi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kupanga likizo ya ufukweni ni kuiacha kalenda ya Dodoma nyumbani na kuanza kuhesabu kwa kalenda ya pwani, ambayo tangu zamani hufuata pepo.

Pepo hizo ni mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, wakati bara la Asia limepoa na jua liko kusini mwa Ikweta. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba, Asia inapopata joto na kuvuta hewa kuelekea kwake. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja pwani yetu kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na mpaka leo mvuvi wa Nungwi au Pangani hupanga mwaka wake kwa pepo hizo mbili. Kusi lina nguvu zaidi kuliko kaskazi, huleta mawimbi makubwa na hewa ya baridi kidogo, na kaskazi huja na joto. Baina ya pepo hizo kuna vipindi viwili vya kugeuka. Cha Machi hadi Mei huandamana na masika, mvua kubwa kuliko zote za mwaka. Cha Oktoba na Novemba huandamana na vuli, mvua ambayo kwa kawaida ni nyepesi zaidi.

Majira yenyewe, na lipi limfae nani

Nikiulizwa na mtu anayeweza kuchukua likizo wakati wowote, humwambia achague kuanzia mwanzo wa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Wakati huo kusi limeanza kulegea, mvua ya vuli haijashika, hewa haina unyevu mzito wa Februari, na wageni wengi wa kutoka Ulaya waliojaza hoteli Julai na Agosti wamekwisha kurudi kwao. Bahari nayo huwa imeanza kupata joto tena baada ya Agosti, ambapo hushuka hadi nyuzi 25 hivi. Kwa familia yenye wanafunzi kuna faida nyingine, kwa sababu likizo fupi ya katikati ya muhula wa pili imekuwa ikiangukia Septemba, ingawa ni lazima kuangalia kalenda ya wizara ya mwaka husika kabla ya kulipia chochote. Tena barabara na reli huwa kavu mwanzo hadi mwisho wa safari, jambo ambalo mtu wa Dodoma hulipata katika miezi michache tu ya majira mazuri ya pwani.

Nafasi ya pili naipa Januari, baada ya wiki ya kwanza, pamoja na Februari yote. Hiki ndicho kiangazi cha pwani. Joto la mchana hupita nyuzi 30, unyevu ni mwingi, na mtu aliyezoea usiku wa Dodoma wenye hewa kavu atahitaji chumba chenye feni nzuri au kiyoyozi ili apate usingizi. Malipo ya adha hiyo ni maji yenyewe, kwani bahari hufikia nyuzi 28 au 29, mtoto anaweza kukaa ndani ya maji saa nzima bila kutetemeka, na siku ambazo kaskazi imetulia maji huwa angavu kiasi cha kuona mchanga chini. Anayetaka kujifunza kuogelea au kutazama matumbawe kwa miwani ya maji asiuache wakati huu. Februari pia ndiyo mwezi wa tamasha la Sauti za Busara huko Unguja, kwa hiyo anayependa muziki ataunganisha mambo mawili, na asiyependa msongamano ataangalia tarehe za tamasha na kuzikwepa.

Kuna jambo moja kuhusu Februari ambalo ni muhimu kulizingatia katika miaka hii. Ramadhani husogea nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, na mwaka 2026 inaangukia kati ya Februari na Machi, kwa hiyo katika miaka michache ijayo itaendelea kugusa Februari na kuingia Januari. Zanzibar wakati wa mfungo migahawa mingi ya mitaani hufungwa mchana, na mgeni hatarajiwi kula, kunywa wala kuvuta sigara hadharani. Kwa familia yenye watoto wadogo jambo hili hubadilisha ratiba nzima ya siku. Kwa mtu mzima anayejua anakokwenda, jioni za Ramadhani za Mji Mkongwe, na vyakula vinavyopangwa mitaani wakati wa futari, ni sababu nzuri ya kwenda, mradi aheshimu utaratibu wa wenyeji.

Juni hadi Agosti ni kipupwe, na ndiyo miezi ambayo watu wengi wa Dodoma husafiri, kwa sababu shule zimefungwa mwezi Juni na baridi ya Dodoma huwafanya watamani joto. Hali ya hewa ya pwani wakati huo ni nzuri kwa mwili: mvua ni chache, mchana una joto la wastani na usiku hushuka hadi nyuzi 20 hivi. Tatizo ni kusi, ambalo katika miezi hii huwa na nguvu zake zote. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania mara kwa mara hutoa tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, na siku kama hizo ngalawa hubaki zimevutwa mchangani, samaki huadimika na bei yake hupanda. Bado naitetea miezi hii kwa mtu anayetaka kutembea, kula, kuona magofu ya Kaole karibu na Bagamoyo au mitaa ya Mji Mkongwe, na kuingia majini mara chache. Kwa mtu ambaye anaona likizo ni kuogelea kutwa, Juni hadi Agosti itampa anachotaka ikiwa tu atachagua ufukwe uliokingwa na upepo, jambo nitakalolifafanua mbele.

Aprili na nusu ya kwanza ya Mei ningemshauri mtu aziache. Hoteli kadhaa za pwani ya mashariki ya Unguja hufunga kabisa ili kufanya ukarabati, na zilizobaki hupunguza bei kwa sababu iliyo wazi. Mwaka 2024 kimbunga Hidaya kiliingia nchi kavu katika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei, na mvua yake ikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Vimbunga kufika kwetu ni jambo la nadra, lakini masika ya kawaida pekee yanatosha kuharibu wiki ya mapumziko. Bahati nzuri kwa watumishi wa umma wa Dodoma, Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni, hivyo wengi wao wasingepata ruhusa hata kama wangeitaka.

Novemba na Desemba hutegemea sana mwaka. Vuli ya kawaida hunyesha kwa manyunyu na mvua fupi za alfajiri au alasiri, kisha jua hutoka, maembe yako kila kona, na bei za hoteli bado hazijapanda hadi karibu tarehe 20 Desemba. Lakini mwaka wa El Niño vuli inaweza kugeuka kuwa masika ya pili, kama ilivyokuwa mwaka 2023. Kwa hiyo asiweke fedha kwa ajili ya Novemba mtu yeyote ambaye hajausoma utabiri wa vuli, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa huutoa mwishoni mwa Agosti kwa Kiswahili kinachoeleweka na kwa kutaja kila ukanda. Ukiona pwani ya kaskazini imeandikiwa mvua za juu ya wastani, ahirisha. Ukiona chini ya wastani, Novemba inaweza kukupa fukwe tulivu na vyumba kwa bei ambayo hutaipata Agosti.

Ufukwe unatazama wapi

Watu huuliza mwezi upi ni mzuri kana kwamba pwani yote inatazama upande mmoja. Ukweli ni kwamba huko Unguja, katika siku moja, Paje panaweza kuwa na upepo wa kupeperusha kanga kutoka kwenye kamba, na Kendwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, pakawa na maji yaliyotulia tuli. Kendwa inatazama magharibi, na kisiwa chenyewe kinaikinga na kusi kwa kiasi kikubwa. Fukwe za mashariki, yaani Makunduchi, Jambiani, Paje, Bwejuu na Kiwengwa, hulipokea kusi moja kwa moja, ndiyo maana Paje imejaa vijana wanaoteleza juu ya maji kwa tiara kubwa kuanzia Juni hadi Septemba, na tena wakati wa kaskazi. Matemwe, iliyo kaskazini-mashariki, huipata kaskazi ya Januari zaidi. Kizimkazi, iliyo kusini-magharibi, hukingwa vizuri na kaskazi lakini hutaabika kusi linapovuma. Kwa hiyo anayebanwa na likizo ya Juni asilazimike kuahirisha safari. Aende upande wa magharibi au ncha ya kaskazini-magharibi ya kisiwa, nayo shida yake itapungua sana.

Kwa anayebaki bara, mito ndiyo ya kuangalia. Ruvu humwaga maji yake karibu na Bagamoyo na Wami humwaga karibu na Saadani, kwa hiyo wakati wa masika, na hata baada yake, bahari ya huko huwa na rangi ya udongo. Mto Kinyasungwe, unaokusanya maji ya Dodoma, huishia katika Wami, maana yake mvua kubwa iliyonyesha kwetu Januari inaweza kukutangulia Saadani. Bagamoyo ni mji ninaoupenda kwa historia yake, ila kwa kuogelea nashauri Septemba hadi Oktoba. Kwa Dar es Salaam, visiwa vya Bongoyo na Mbudya vina maji mazuri kuliko fukwe za mjini karibu wakati wote, na Kigamboni inafaa kwa safari fupi ya mwisho wa wiki. Mtwara na Lindi, tofauti na pwani ya kaskazini, zina msimu mmoja wa mvua kama Dodoma, kwa hiyo huko kalenda yetu ya nyumbani inafanya kazi vizuri zaidi, na Juni hadi Oktoba ni kavu.

Kupwa na kujaa

Hili ndilo jambo ambalo wasafiri wa bara hulisahau kuliko yote, na kwa maoni yangu lina uzito sawa na mvua. Mara mbili kwa mwezi, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na baada ya mwezi mpya, huja bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3. Katikati ya bamvua mbili ni maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kidogo tu. Katika pwani ya mashariki ya Unguja, ambako mwamba wa matumbawe uko mbali na nchi kavu na sakafu ya bahari ni tambarare, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utaogelea au utatembea.

Fikiria familia iliyofika Jambiani siku ya bamvua. Saa nne asubuhi, baada ya chai, watoto wanakimbilia majini na kukuta hakuna maji. Bahari imerudi nyuma hadi kwenye mwamba, na mahali pake pana mchanga wenye unyevu, madimbwi ya joto, na safu za vigingi vya mashamba ya mwani, ambako akina mama wameinama wakifunga miche kwenye kamba kabla maji hayajarudi. Kufika saa kumi jioni maji yamepanda hadi karibu na minazi, na jua linaelekea kuzama. Familia hiyo haikukosea mwezi wala hoteli. Ilifika siku ambazo ratiba ya bahari haikulingana na ya watoto.

Kanuni ya kukumbuka ni nyepesi. Katika Unguja na Dar es Salaam, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayopita saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kutokana na hesabu hiyo, siku tatu au nne kabla ya mwezi kuwa mpevu, na vilevile kabla ya mwezi mpya, maji hujaa kati ya saa sita na saa nane mchana, na hizo ndizo siku bora za kuogelea kwa mtu aliyepanga pwani ya mashariki. Kwa tarehe za mwezi mwandamo ni kama tarehe 10 hadi 12, na 25 hadi 27. Anayetaka kutembea hadi kwenye mwamba au kuwaona wanaokamata pweza achague bamvua kwa makusudi, avae viatu vya mpira, kwa maana mwambani kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayovunjika ndani ya nyayo, na afuatane na mwenyeji anayejua maji yanapoanza kurudi. Nungwi na Kendwa kina cha maji kiko karibu na ufukwe, kwa hiyo huko huhitaji kuhesabu sana. Kisiwa cha mchanga cha Maziwe, mbele ya Pangani, hufunikwa kabisa maji yanapojaa, na safari ya kwenda huko hupangwa kwa saa za kupwa pekee.

Wanaokwenda kuona viumbe wa bahari wana kalenda yao. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiyemdhuru mtu, hukaribia Mafia kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Nyangumi hupita pwani yetu kati ya Julai na Oktoba. Mayai ya kasa katika kisiwa cha Juani, jirani na Mafia, huanguliwa zaidi kati ya Juni na Septemba.

Safari ya kutoka Dodoma

Tangu treni ya mwendokasi ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma katikati ya mwaka 2024, safari hiyo imekuwa ya saa nne hivi au pungufu, na msimu wa mvua umepoteza sehemu ya makali yake kwa msafiri. Barabara bado inahitaji tahadhari kuanzia Januari hadi Aprili, hasa ukishavuka milima na kuingia mabonde ya Morogoro, ambako mafuriko yamewahi kuikata njia. Tikiti za treni kuelekea Krismasi na Pasaka huisha mapema, kwa hiyo zikatwe kabla ya kulipia hoteli.

Kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, boti ya kasi huchukua saa mbili hivi. Wakati wa kusi, mawimbi hutoka kusini, hivyo wakati wa kwenda huisukuma boti kwa nyuma na wakati wa kurudi hukutana nayo uso kwa uso. Anayeugua baharini aelewe kwamba safari ya kurudi ndiyo nzito, achague boti ya asubuhi kabla upepo haujapanda, akae ghorofa ya chini katikati, na anywe dawa nusu saa kabla ya kuondoka. Tahadhari ikitolewa, asisite kuahirisha kwa siku moja. Meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, na watu wengi walipoteza maisha. Kwa sababu hiyo, anayesafiri Juni hadi Agosti asipange kufika Dar es Salaam jioni ya siku ile ile ya tikiti ya treni ya kurudi Dodoma. Aache usiku mmoja wa akiba mjini, na bei ya chumba hicho aihesabu tangu mwanzo kuwa sehemu ya nauli.